Fire Emblem: Three Houses: Edelgard ana sababu zake, ila kile kilima cha Gronder bado kinaniuma

Hii gemu nimeimaliza mara nne, njia zote nne, na kila nikikutana na mtu aliyeicheza lazima tuishie pale pale, Edelgard, yule binti anayeanzisha vita dhidi ya kanisa, alikuwa na haki ya kufanya aliyoyafanya au hakuwa nayo. Kuna rafiki yangu mmoja tulibishana mpaka usiku wa manane, kesho yake tukaendelea, mwisho tukakubaliana tuiache hiyo mada kwanza maana ilishaanza kuwa ugomvi wa kweli. Kwa hiyo humu ntagusa uchezaji na picha na vitu vya kawaida ila sitakaa huko sana, moyo wa hii gemu ni stori yake na moyo wa stori ni hilo swali. Na naweka wazi mapema, naeleza kila kitu mpaka mwisho, nani anakufa na nani anamuua, kama hujacheza na unataka ujionee mwenyewe basi ishia hapa urudi ukishamaliza.

Kwa asiyeijua, ilitoka tarehe 26 Julai 2019 kwa Nintendo Switch, imetengenezwa na Intelligent Systems wakishirikiana na Koei Tecmo. Ni gemu ya mbinu, watu wako wako kwenye uwanja wa miraba kama drafti, we unasogeza wako wote halafu adui naye anasogeza wake. Ukitoka vitani unaishi kwenye monasteri inaitwa Garreg Mach, we ni mwalimu kwenye chuo cha maofisa, unafundisha, unavua samaki, unakula mezani na wanafunzi, unawaalika chai, unawatafutia vitu walivyodondosha. Mwanzoni kabisa unachagua darasa moja kati ya matatu, Black Eagles wa Edelgard kutoka Dola ya Adrestia, Blue Lions wa Dimitri kutoka ufalme wa Faerghus, au Golden Deer wa Claude kutoka muungano wa Leicester. Nusu ya kwanza ni shule. Halafu inapita miaka mitano na nusu ya pili ni vita, na wale watoto wa madarasa mengine uliokuwa unapishana nao koridoni unakutana nao uwanjani wameshika mikuki na wamekuja kukuua.

Uchezaji uko vizuri, mapigano yana raha yake, na ile nguvu ya kurudisha muda nyuma ukikosea inasaidia sana hasa ukiwa umechagua kwamba aliyekufa amekufa kweli harudi. Picha ni za kawaida, bustani na kuta za monasteri zinaonekana zimefifia, na ukiirudia gemu mara ya pili na ya tatu ile nusu ya shule inachosha kwa sababu misheni ni karibu zile zile. Waigizaji wa sauti wamefanya kazi kubwa, hasa wa Dimitri. Yaani kama unatafuta gemu ya mbinu tu utaridhika, lakini mi sikuirudia mara nne kwa sababu ya mbinu.

Sasa tuje kwenye chenyewe. Dunia ya Fódlan inaendeshwa na nembo za damu, wenyewe wanaziita Crest. Ukizaliwa nayo una nguvu na unaweza kushika silaha za mashujaa wa kale, ukizaliwa bila nayo kwenye familia ya kitabaila we ni kama hukuzaliwa. Kanisa la Seiros linafundisha kwamba ni zawadi ya mungu wao, basi kwa hiyo haiulizwi. Na gemu haikusimulii tu, inakuonyesha. Kwenye mwezi wa tano wa masomo unatumwa mnara wa Conand kumkamata mtu anaitwa Miklan, ni kaka mkubwa wa Sylvain ambaye ni mwanafunzi wa Blue Lions. Miklan hana nembo, Sylvain anayo, kwa hiyo mkubwa kafukuzwa nyumbani na mdogo ndo mrithi. Miklan kawa jambazi, kaiba mkuki wa ukoo. Unapanda ule mnara ngazi kwa ngazi, unampiga, halafu ule mkuki wenyewe unaanza kumtoka kitu cheusi kama lami, kinampanda mkono, kinamfunika uso, mtu anageuka mnyama mbele ya macho yenu. Mkimmaliza anarudi kuwa maiti ya binadamu pale chini. Halafu unarudi monasteri na mkuki, askofu mkuu Rhea anakushukuru na anakwambia hili jambo lisitoke nje, watu wakijua watapoteza imani na watawala.

Mi pale nilisimama kucheza kidogo. Kwa sababu Miklan alikuwa mtu mbaya kweli, alivamia vijiji, siwezi kumtetea, lakini we mwenyewe unaona alivyotengenezwa, na unaona kanisa linafagia uchafu chini ya mkeka na we mwalimu ndo umeshikishwa fagio.

Kwa hiyo ukija kumsikia Edelgard utamwelewa, tena haraka. Yeye ni binti wa mfalme wa Adrestia, mfalme ambaye watawala wake walimnyang'anya nguvu akabaki jina tu. Alikuwa na ndugu kumi. Wote walifungiwa chini ya ardhi wakachanjwa na kufanyiwa majaribio ili apatikane mmoja mwenye nembo mbili, wakafa au wakarukwa akili mmoja baada ya mwingine, akabaki yeye. Nywele zikageuka nyeupe. Kuna maongezi mnayofanya usiku anapokuwa ameamka kwenye ndoto mbaya, anakueleza taratibu bila kulia, na baba yake alikuwepo na hakuweza kufanya kitu. Mtu wa namna hiyo akikwambia huu mfumo wa nembo lazima ung'olewe na mizizi yake, na kanisa linaloulinda liondoke, utamjibu nini? Mi sikuwa na jibu. Mara ya kwanza nilikuwa Black Eagles, nilikuwa naye toka mwanzo, na pale kwenye kaburi takatifu barakoa inapovuka na kumbe yule Flame Emperor tuliyekuwa tunamkimbiza mwaka mzima ni yeye, Rhea ananiamuru nimuue papo hapo na gemu inanipa machaguo mawili, sikufikiria hata sekunde tano. Nikasimama upande wake. Njia hiyo inaitwa Crimson Flower na niliicheza mpaka mwisho nikiwa najiona niko sahihi kabisa, nikamuua Dimitri kwenye uwanda wa Tailtean mvua ikinyesha, nikasema ni bei ya mabadiliko.

Halafu nikaanza upya na Blue Lions, na hapa ndo naomba anayesoma atulie kidogo kwa sababu hapa ndo hii gemu inazipita nyingi nilizocheza. Matukio ni yale yale. Hawajabadilisha alichofanya Edelgard. Kilichobadilika ni umesimama wapi wakati anakifanya.

Chukua wale majambazi wa mwanzo kabisa, dakika kumi za kwanza za gemu, wanaowavamia wanafunzi msituni. Ukicheza na Edelgard hiyo ni sehemu ya kujifunza vitufe, unaisahau. Kumbe yeye ndo aliyewalipa. Aliwatuma wawaue wanafunzi wenzake wa kitabaila, vijana ambao hawajafanya lolote zaidi ya kuzaliwa, yaani Dimitri na Claude walikuwa wanakimbia usiku ule pamoja naye kutoka kwa watu ambao yeye mwenyewe amewakodi. Au kijiji cha Remire, watu wanaugua kichaa wanachinjana majirani kwa majirani, nyumba zinaungua, we unakimbizana kuokoa wawili watatu, na waliofanya lile jaribio ni wale wa gizani, kundi la Thales na Solon, watu wale wale walioua ndugu zake Edelgard. Flame Emperor anatokea baada ya pale anasema asingeruhusu kama angejua. Namuamini kwamba hakujua. Lakini alikuwa ameshikana nao mkono, aliwahitaji, na aliendelea nao baada ya Remire, na mwezi unaofuata mmoja wao akamchoma kisu mgongoni Jeralt, baba yako we mchezaji, na hata kurudisha muda nyuma hakukusaidia.

Watetezi wake huwa wananiambia hakutuma. Sawa hakutuma. Mtu akifuga chatu kwa sababu anataka panya waishe, chatu akimeza mtoto wa jirani, hatusemi aliyefuga hakujua.

Sasa Gronder. Kwenye nusu ya shule kuna mashindano ya madarasa matatu kwenye uwanja wa Gronder, katikati kuna kilima kidogo kina mtambo wa kurusha mishale, na kwenye mtambo kawekwa Bernadetta, yule binti wa Black Eagles mwoga anayejifungia chumbani hataki kutoka. Ni mchezo tu, mnacheka, mnakula pamoja usiku. Miaka mitano baadaye uwanja ni ule ule, kilima ni kile kile, na kama hukumvuta Bernadetta aje darasa lako basi yuko pale pale kwenye mtambo, sasa ni vita ya kweli. Unapandisha mtu wako juu ya kilima kuuteka ule mtambo. Edelgard anaamuru kilima kichomwe. Na Bernadetta yuko juu yake. Moto unawaka na we unamuona yule mtoto uliyekuwa unampelekea vitu chumbani kwake na anakujibu kupitia mlango, yuko ndani ya moto aliowasha mtu aliyemtuma kukaa pale.

Ukicheza upande wa Edelgard hiyo huioni. Haitokei. Na mi naona waandishi walijua wanachofanya, kwa sababu mtu mwenye sababu nzuri huwa ndo anakuonyesha sababu yake, kilima anakuja kukuonyesha mtu mwingine.

Kabla ya vita ya mwisho ya njia ya Dimitri kuna kikao, wanakutana uso kwa uso, Dimitri anataka kujua kwa nini, kwa nini lazima iwe vita. Naipenda hii sehemu kuliko vita zote za gemu nzima. Edelgard hajibu kama adui wa kwenye muvi anayecheka kwa sauti. Anajibu kwa hesabu. Kwamba wanaokufa kwenye hii vita ni wachache kuliko watakaoendelea kufa ukiuacha mfumo uendelee, kwa hiyo njia ya haraka ndo yenye huruma. Dimitri naye anamrudishia kwamba we unaamua peke yako kwa niaba ya watu ambao hujawauliza, wako wanyonge ambao hawatakuwa na nguvu ya kusimama kwenye hiyo dunia yako mpya. Halafu anamrudishia jambia, lile alilompa wakiwa watoto wakati wanaagana, maana hawa ni ndugu wa kambo, mama yake Edelgard aliolewa na baba yake Dimitri. Hawakubaliani. Kila mmoja anarudi kwenye jeshi lake.

Nimekaa na hiyo hesabu yake muda mrefu. Shida yangu sio kwamba ni ya uongo, inawezekana ni ya kweli kabisa, nani anajua. Shida yangu ni kwamba waliomo ndani ya hesabu hawajui kwamba wamo. Mkulima wa Faerghus anayechomewa ghala hakuambiwa kwamba yeye ni yule mchache anayefidia wengi. Bernadetta pale kilimani sidhani kama aliambiwa. Mtu akisema niko tayari kufa kwa ajili ya hili, namheshimu, na Edelgard yuko tayari, hilo simnyimi, kwenye njia nyingine, pale kwenye chumba cha enzi cha Enbarr, mji wake mkuu, anapiga magoti na anakuomba umalizie we mwenyewe, nililia kwa kweli. Lakini kuwa tayari kufa hakukupi ruhusa ya kuamua nani mwingine afe. Ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wanavichanganya kila siku wakimtetea.

Na kama mtu atasema aliumizwa sana, hakuona njia nyingine, basi gemu yenyewe imemjibu, na imemjibu kimya kimya kwenye maongezi ya pembeni ambayo mtu anaweza kuyapita bila kuyasoma. Kuna Lysithea wa Golden Deer. Nywele nyeupe. Nembo mbili. Majaribio yale yale, kwa watu wale wale, watoto wote wengine wa nyumba yao wakafa akabaki yeye, na juu yake anajua kwamba mwili wake hautampa miaka mingi. Yaani maumivu ni yale yale gramu kwa gramu. Yeye anafanyaje? Anasoma kama mwehu kwa sababu muda wake ni mfupi, anataka wazazi wake waishi salama siku zake zikiisha. Ana hasira, anachukia nembo zake, lakini hajawahi kumfanya mtu mwingine alipe. Halafu kuna mzee Hanneman, mwalimu mwenzako, dada yake aliozwa kwa sababu ya damu yake, akazalishwa wakitafuta mtoto mwenye nembo mpaka akafa. Hanneman akaacha utabaila wake, akaingia kwenye utafiti, ndoto yake ni watu wa kawaida waweze kupata nguvu ile ile ili nembo zisiwe na maana tena. Adui ni yule yule anayempiga vita Edelgard! Mmoja anamshambulia kwa maabara na mwingine kwa shoka.

Najua jibu la upande wa pili, kwamba Hanneman angefanya utafiti miaka mia na Miklan wengine mia wangegeuka wanyama. Ni hoja nzuri na ndo maana sijawahi kumuita Edelgard shetani. Kuna mambo kweli hayaondoki kwa barua na vikao. Rhea hakuwa mtu wa kuongea naye, bwana Lonato alijaribu kuinuka dhidi ya kanisa lililomuua mwanae, na jibu alilopata ni jeshi kwenye ukungu, na ukiwa Blue Lions unampeleka Ashe, mtoto aliyelelewa na huyo huyo Lonato, akapigane na baba yake mlezi na wanakijiji waliomfuata wakiwa na silaha za kuokoteza. Baada ya kuona ile misheni siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba Fódlan ilikuwa na mlango wazi wa mabadiliko. Haikuwa nao.

Kilichonigeuza mi sio vita yenyewe basi. Ni Arianrhod.

Hii iko kwenye njia yake yeye mwenyewe, Crimson Flower, na mara ya kwanza niliipita tu, niliirudia baadaye ndo ikanikaa. Mnauteka mji wa Arianrhod, Edelgard anamuondoa Cornelia ambaye ni mtu wa Thales, na Thales kwa kisasi anaushusha moto kutoka mbinguni kwenye ule mji, mikuki ya mwanga, watu waliobaki mle wanateketea. Edelgard anajua nani kafanya. Anarudi kwa jeshi lake, kwa wanafunzi wako uliowafundisha toka wakiwa watoto, anawaambia ni kanisa. Anawaambia ni silaha ya kanisa, ili wazidi kuwa na hasira na waende kupigana vizuri.

Sasa rudi kwa Rhea. Rhea naye ana stori, na kama una moyo itakuuma. Mama yake, anayeitwa Sothis, aliuawa usingizini, ndugu zake wakachinjwa Zanado, na mifupa yao ndo zile silaha za mashujaa, na mawe yale yanayong'aa kwenye silaha ni mioyo yao. Ule mkuki wa Miklan ni mfupa wa ndugu yake Rhea. Na nembo sio zawadi ya mungu, ni damu iliyoporwa. Akamuua Nemesis aliyefanya hayo, halafu ili amani ikae akatunga historia nyingine, kwamba nembo zilitolewa na mungu kwa mashujaa wema, na uongo huo ukaishi zaidi ya miaka elfu moja na ndo huo ulimfukuza Miklan nyumbani, ndo huo ulimuua dada yake Hanneman. Sababu yake ilikuwa nzuri! Alitaka vita iishe. Na kila aliyeteseka Fódlan kateseka ndani ya uongo uliotungwa kwa nia njema.

Edelgard anaijua hiyo hasira kuliko mtu yeyote, anapigana vita nzima kwa sababu kanisa limewadanganya watu, halafu kwenye sura ya 16 anafanya kitu kile kile, anawatungia watu wake uongo kuhusu nani kaua, kwa faida ya amani ijayo. Siku nilipoiona hivyo niliweka remoti chini. Kwangu mi hapo ndo sababu zake zinapoacha kumbeba. Unaweza kunishawishi kuhusu vita, kuhusu haraka, hata kuhusu wale majambazi ukinibana sana, lakini ukianza kuwadanganya wanaokufa kwa ajili yako kuhusu wanakufa kwa ajili gani, basi dunia yako mpya imeanza na tofali la ile ya zamani.

Rhea naye simwachii. Kwenye njia hiyo hiyo mwishoni anaamuru Fhirdiad ichomwe, mji mkuu wa watu waliompa hifadhi, raia wakiwa ndani, ili tu kumzuia Edelgard. Wale wanaosema Rhea ni mwema na Edelgard ndo mbaya sijui walikuwa wanaangalia wapi wakati Catherine, mpiganaji wake, anapewa ile amri na anasitasita. Huzuni yake kwa mama yake ni ya kweli na moto ule ni wa kweli. Vyote viwili. Na Dimitri mwenyewe, stelingi wa njia niliyoipenda kuliko zote, nusu ya vita anaua watu kwa raha akisikiliza sauti za wafu, na gemu inamsamehe haraka kidogo kwa maoni yangu, japo safari yake ya kurudi kuwa binadamu imeandikwa vizuri mno.

Malalamiko yangu makubwa kwa waandishi ni hao watu wa gizani. Thales na wenzake hawana kitu ndani, wabaya tu, ngozi imepauka na kicheko, na shida yake sio kwamba wanaboa tu, shida ni kwamba wanawapunguzia wengine mzigo. Kila ukikaribia kumuuliza Edelgard swali gumu, Remire, Jeralt, Arianrhod, anatokea mmoja wao kuchukua lawama. Kwenye Crimson Flower inakuwa mbaya zaidi kwa sababu njia ina sura 18 tu wakati nyingine zinafika 21 na 22, na ile vita ya kumalizana na Thales ambayo Edelgard anakuahidi toka mwanzo huichezi, unasimuliwa mwishoni kwa maandishi kwamba ilipiganwa. Jamani, hiyo ndo ilikuwa deni lake kubwa kuliko yote! Nilitaka kumuona analilipa, nilitaka nione anawaambia wenzake ukweli kuhusu Arianrhod na wao wanamjibu nini, Ferdinand angesema nini, Petra angesema nini. Hakuna. Na mwaka 2022 walipotoa Three Hopes, gemu nyingine ya dunia hiyo hiyo yenye mapigano ya moja kwa moja, humo Edelgard anamfukuza Thales mapema kabla vita haijapamba moto. Yaani waandishi wenyewe wameonyesha kwamba aliweza kuachana nao, ingawa hiyo ni simulizi ya pembeni na mambo mengine humo yamebadilishwa.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa Crimson Flower kukatishwa na kwa kurudia shule mara nne.

Kama unaianza, ushauri wangu anza na Black Eagles, na usisome chochote, mpende Edelgard kwa moyo wote, kaa naye chai, sikiliza ndoto zake, simama naye kaburini. Anastahili kusikilizwa kwanza. Ukimaliza anza upya na Blue Lions, na usimvute Bernadetta, muache alipo. Najua inauma, fanya hivyo mara moja tu. Ukifika Gronder ya pili, kabla hujapandisha mtu kilimani, sogeza kishale chako mpaka kwenye mtambo ulisome jina la aliyekaa pale.